Kipimo cha Goodness

Jumapili, 24 Mei 2015

Goodness amefika leo kutoka Dar es Salaam, na mizigo yake imejaza sebule. Mtoto mwenyewe mwembamba, lakini vitu alivyobeba vingemshinda punda: kompyuta, spika nzito, vipaza sauti vidogo kama vifungo vya koti, nyaya za kila rangi, na boksi la karatasi ngumu lenye vioo viwili ambalo unaingiza simu ndani, kisha unalifunga usoni. Mama yake alizitazama zile nyaya akauliza, "Mwanangu, umetuletea redio au umetuletea hospitali?" Tukacheka wote.

Kila msimu wa kahawa huwa naandika siku zake: baridi, ukungu, nani amekuja kuchuma na nani ametoroka. Mwaka huu naona nitaandika zaidi, maana nyumba imepata mtu wa kuzungumza naye. Mimi na mke wangu Leah habari zetu tulishazimaliza zamani, tumebaki kugombania chumvi. Goodness ndiye mtoto wetu pekee. Wadogo zake wawili Mungu aliwachukua wakiwa wachanga.

Anasema atakaa mpaka kahawa iishe. Yeye na wenzake wanafanya sanaa ya namna mpya. Mtu anavaa lile boksi, anakaa kwenye benchi gizani, na anajiona yuko ndani ya mwili wa mtu mwingine. "Ndani kabisa, Baba. Ukiinua uso unaona mbavu zinapanda na kushuka juu yako kama paa." Nikamuuliza nani ana hamu ya kukaa huko. Akasema Dar watu walipanga foleni. Watu wa Dar wana nafasi.

Alhamisi, 28 Mei

Jua zuri. Kahawa ya bondeni imeanza kuwa nyekundu.

Jumapili, 31 Mei

Niandike jambo ambalo Goodness halijui. Tangu Pasaka mama yake anaumwa, tena si kidogo. Miguu inavimba, kutoka kijitoni hadi nyumbani anapumzika mara nyingi, na analala ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Daktari wa zahanati alimpa vidonge vya kupunguza maji, akaniita pembeni akasema nimpeleke Mbeya akapigwe picha ya moyo, mwezi wa sita usiishe.

Leah amenikataza kabisa kumwambia mtoto. "Ukimwambia ataacha kazi yake akae hapa ananilinda kama kichanga. Sitaki, Baba Goodness." Leah akishasema sitaki, hata mchungaji hamgeuzi. Mbele ya mtoto anatembea haraka, halafu anakuja jikoni kushika nguzo. Inaniuma kumwona, lakini nimenyamaza.

Alhamisi, 4 Juni

Baridi ya kusini imeanza. Leo jirani yetu Loisi ameniuliza Goodness anafanya kazi gani hasa. Nikasema anashughulika na mashine za mwili. Ukiwaambia watu wa hapa Isansa kwamba binti yako anafanya sanaa wanafikiri anakatika kwenye harusi.

"Mashine kama za wale wa gulioni?" akauliza. Wale wa gulioni huja na kompyuta, unashika chuma mkononi, na baada ya muda wanakusomea habari za ini, figo na uti wa mgongo, kisha wanakuuzia dawa za unga.

"Wale ni wachuuzi," nikamwambia. "Huyu amesoma."

Loisi akaitikia kwa heshima. Nami nikajisikia vizuri, siwezi kukataa.

Jumanne, 9 Juni

Leo Goodness amemrekodi mama yake.

Alitandika mkeka sebuleni, akafunga madirisha, akamlaza Leah akiwa ameegemea mito. Kile kipaza sauti kidogo alikipaka mafuta kidogo, akakibandika kifuani chini ya ziwa la kushoto, kingine shingoni, kingine mgongoni. Nyaya zikaenda kwenye kompyuta na pale kwenye kioo mistari ikaanza kupanda na kushuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilishawahi kuona mashine ya namna ile mara moja tu, nilipompeleka marehemu kaka yangu hospitali.

Goodness alivaa vile vya kusikilizia masikioni akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilipomwona machozi yanamtoka nikashtuka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Mama," akasema, "nimerekodi mioyo mingi, sijasikia unaopiga hivi. Wengine wote ni vishindo viwili tu. Wako una cha tatu, kidogo, kinafuata nyuma. Kama mwanamke anayetwanga halafu anagusa ukingo wa kinu kabla hajapiga tena."

"Ni vizuri?" Leah akauliza.

"Nimeupenda sana, Mama. Ni mzuri kuliko yote niliyonayo."

Leah akageuza uso akanitazama mimi. Ule uso sijauona tangu mwezi wa nne. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mimi nikatoka nje nikasimama kwenye vichanja vya kahawa na nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatano, 10 Juni

Leah ameimba akimenya viazi.

Jumamosi, 13 Juni

Nimemkumbusha Leah habari ya Mbeya. Tulikuwa shambani, anachuma matawi ya chini akiwa ameketi juu ya kigunia.

"Mbeya ya nini tena?" akasema. "Nimeshapimwa na mwanangu. Si ulimsikia mwenyewe?"

Nikasema labda tumuulize vizuri.

"Umuulize nini? Ukimuuliza atajua kwamba naumwa. Angesikia kibaya angenyamaza? Goodness hawezi kuficha kitu usoni, hata akiwa mdogo akiiba sukari tulimjua."

Ni kweli, hawezi kuficha. Na ni kweli pia kwamba kahawa imeiva yote kwa pamoja, wachumaji hawatoshi, na safari ya Mbeya si ya siku moja. Nimeona amesema jambo la maana. Tumekubaliana tuiache.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya ibada akina mama wamekuja hapa wote, wamejipanga kwenye ukuta wa nyumba kuanzia mlangoni hadi kwenye banda la mbuzi. Leah amewaambia kwaya nzima kwamba binti yake amempima moyo na ameukuta hauna shida. Loisi ndiye wa kwanza. Ameleta mayai.

Goodness alichanganyikiwa kwa furaha. Kila mmoja alimrekodi, kisha akamvalisha lile boksi amwonyeshe kazi ya Dar. Kinamama walikaa kwenye benchi, wakatoka wanafuta macho. Alirudia kuwaambia, "Jamani, hii si hospitali. Ni sanaa tu."

Wakaitikia, "Ndiyo, mama," wakakonyezana. Loisi alininong'oneza, "Anaogopa zahanati wasije wakamshtaki kwamba hana kibali." Nikasema ndivyo ilivyo. Nilifikiri ndivyo ilivyo.

Jioni Goodness akaniambia, "Baba, sikujua watu wa kwetu wanapenda sanaa hivi." Alikuwa na furaha ya kitoto, na mimi nilimpenda sana wakati ule.

Jumatatu, 22 Juni

Kuchuma, kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika. Mgongo hauna habari na mimi.

Jumanne, 30 Juni

Ukungu mpaka saa sita mchana. Mwezi umeisha.

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Hatukwenda popote. Goodness ameimaliza kazi yake ya mama yake na akataka mama mwenyewe awe wa kwanza kuingia.

Spika ameifunga chini ya benchi, kwa hiyo moyo huusikii kwa masikio tu, unakupiga mapajani. Leah akavaa boksi, nasi tukakaa pembeni yake gizani. Mwanzoni alishika mkono wa mtoto kwa nguvu. Kisha akaanza kugeuza kichwa taratibu, juu, chini, nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ngeni.

"Kuna nini, Mama?" Goodness akauliza.

"Kumekaa kwekundu. Kuna nafasi. Mbona kuna nafasi hivi? Nilidhani tumebanana humu." Akacheka kidogo. "Na huyu anayefanya kazi, hachoki?"

"Ni moyo wako."

Akainua mkono mbele yake, akawa anapapasa hewani, kama anavyompapasa ng'ombe mgonjwa. "Pole, mama," akauambia ule moyo. "Pole na kazi."

Alipotoka akataka na mimi niingie. Nikasema nitapata kizunguzungu, nina kahawa ya kugeuza. Ukweli niliogopa. Mwili wa mke wangu niliujua kwa namna yangu, sikutaka kuingia ndani yake na kiatu.

Jumapili, 12 Julai

Leah hakwenda kanisani. Miguu imevimba mpaka magotini, na kikohozi hakimwachi. Nilimwangalia anavyofunga kamba za viatu vyake akashindwa, na moyo wangu ukaanza kusema Mbeya. Nikaunyamazisha. Amepimwa, nikajiambia. Ni baridi ya Julai. Watu wote wanakohoa.

Alhamisi, 23 Julai

Leah amefariki. Nimeshika kalamu leo kwa mara ya kwanza na ninaandika yote kama yalivyokuwa.

Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi, alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja, anatupa zile zilizovunjika. Nilikuwa upande wa pili nafunua turubai. Nikasikia anasema, "Baba Goodness, njoo unishike," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba nimshikie ndoo. Nilipozunguka alikuwa ameshakaa chini, midomo imebadilika rangi, na anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kwenye maji. Povu lenye wekundu lilimtoka mdomoni. Goodness alikuja mbio kutoka ndani na mikono ina wino.

Loisi alikwenda kumwita mwenye gari la kubebea mbolea. Tulimweka nyuma, ameketi, mimi nimemkumbatia kwa mgongo ili asilale. Njia nzima hadi Vwawa nilikuwa naisikia ile pumzi kwenye kifua changu. Goodness alikuwa mbele yake amemshika miguu na anasema, "Mama, nitazame mimi, nitazame mimi."

Hospitalini walimwekea oksijeni wakamchoma sindano. Daktari kijana, mpole, akasoma kadi ya zahanati. Akainua macho.

"Mzee, huyu aliandikiwa kwenda Mbeya kupigwa picha ya moyo. Mbeya walisemaje?"

"Hatukwenda," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alipimwa nyumbani." Nikamwonyesha Goodness kwa mkono, na Mungu anisamehe, nilimwonyesha kwa fahari, nikifikiri sasa watazungumza lugha yao wenyewe wasomi. "Alipimwa na huyu binti yetu. Ana mashine."

Goodness akanitazama. "Nilimpima nani, Baba?"

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaangalia chini kwenye kadi.

"Baba, nilimpima nani?"

Nilimwambia hapohapo, kwenye korido, watu wanapita na ndoo za uji. Nikamwambia ya miguu kuvimba, ya zahanati, ya Mbeya, ya mama yake kunikataza. Nikamwambia alivyotabasamu siku ile na mama yake alivyofurahi. Alisikiliza yote amesimama. Kisha akamuuliza daktari jambo moja tu: kishindo cha tatu ni nini. Daktari akasema kwa mtu wa umri ule ni moyo uliolemewa, umejaa na hauwezi kusukuma. Akasema mara nyingi husikika mapema, na kuna dawa.

Goodness alikaa sakafuni. Sikumwinua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika ukuta.

Leah aliishi siku mbili. Ijumaa aliongea kidogo. Aliuliza kama kahawa imeanuliwa. Akamwambia Goodness asilie, akamwambia, "Wewe ulinionyesha pazuri." Hakujua kitu, na hatukumwambia. Jumamosi asubuhi, nesi akiwa anambadilishia shuka, pumzi ilikuja ndefu moja, na nyingine haikuja.

Tumemzika Jumatatu, karibu na watoto wake wawili. Watu wa kanisa walipita kutoa heshima za mwisho, wakauzunguka mwili na kuutazama uso wake. Goodness hakupita. Alisimama mbali, kwenye migomba, ametugeuzia mgongo.

Jumapili, 26 Julai

Bado watu wamelala hapa. Shemeji yangu Boazi, mdogo wake Leah mwenye ghala la mahindi Tunduma, hajanisemesha tangu juzi. Leo baada ya chakula akasema mbele ya ukoo wote:

"Dada yangu hakufa kwa kazi ya Mungu. Ameuawa na michezo ya huyu binti. Mtu anamwekea mama yake nyaya kifuani, anasikia moyo unaumwa, anasema umependeza! Elimu gani hiyo?"

Goodness alikuwa anaosha vyombo. Aliinama zaidi juu ya karai. Wote wakanitazama, wakisubiri baba mwenye nyumba aseme.

Sikusema. Najua kwa nini sikusema, na nitaandika. Kwa muda ule mfupi ilikuwa afadhali kwangu alaumiwe yeye. Kama kosa ni lake, basi mimi ni mfiwa tu, ninastahili kupewa pole na chai. Nilikunywa chai ile.

Jumanne, 28 Julai

Goodness hali. Anakaa na kompyuta imefungwa magotini.

Alhamisi, 30 Julai

Kahawa ya mwisho imelowa na umande kwenye vichanja, hakuna aliyeifunika. Imeanza kunuka.

Jumapili, 2 Agosti

Leo tumeanua matanga. Walipotaka kufunga kwa sala nikaomba nisimame.

Nikawaambia: daktari wa zahanati alinipa mimi maagizo, si Goodness. Leah alinikataza kusema na mimi nikamtii kwa sababu kumtii kulinifaa, kahawa ilikuwa imeiva. Mtoto aliwaambia watu wote kwamba si hospitali. Aliwaambia akina mama wa kwaya waliojipanga hapa ukutani, na mimi ndiye niliyeitikia kwamba anaogopa serikali tu. Nilitaka binti yangu aonekane daktari. "Mkitafuta aliyemzuia Leah kwenda Mbeya," nikasema, "amesimama hapa, ana kofia mkononi."

Boazi aliinuka akatoka nje. Nilidhani ananiacha. Nilipomfuata nilimkuta anatapika nyuma ya choo kwa kulia. Akasema, "Shemeji, na mimi nilikuwa nataka aje Tunduma anipime."

Jumatatu, 3 Agosti

Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Hii ndiyo safari niliyoiona ndefu kuliko zote za maisha yangu. Kila mama aliyekaa kwenye benchi lile nimemwambia: hukupimwa, nenda zahanati. Wengine walinipa pole wakaniita ndani. Wawili walinijia juu, na walikuwa na haki.

Loisi alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha tangu Juni. Alikwenda chumbani akatoka navyo mkononi, amevishika tu, ananitazama.

Jumamosi, 8 Agosti

Loisi amekwenda zahanati. Presha ilikuwa juu sana, wamemrudishia dawa. Yuko hai.

Jumapili, 16 Agosti

Leo nimemkuta Goodness sebuleni na kompyuta wazi. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nafuta, Baba."

"Unafuta nini?"

"Kila kitu. Cha Mama kwanza. Wenzangu wanapiga simu, tulikuwa tumepanga tuionyeshe Tunduma mwezi wa tisa. Nimewaambia imekufa." Sauti yake haikuwa na kitu ndani. "Mikono hii siitaki kwenye kazi hii tena."

Ningeweza kumwambia maneno mengi. Nilimwambia asubiri, kwamba mimi bado sijaingia.

Alifunga madirisha, akafunga spika chini ya benchi. Alinivalisha lile boksi yeye mwenyewe.

Sijui kuandika mambo ya namna ile, lakini nitajaribu. Kulikuwa kwekundu kama alivyosema Leah, wekundu ule unaouona ukifumba macho kwenye jua. Goodness alikuwa amechora mbavu kwa mkono, moja moja, na zilikuwa zinapanda na kushuka polepole juu yangu. Nyuma yangu kulikuwa na pumzi. Na benchi likaanza kupiga.

Nililala na mwanamke yule tangu nikiwa kijana. Mgongo wake ulikuwa kwenye kifua changu kila baridi ya Julai ya maisha yetu. Ule mdundo niliujua kabla sijajua kwamba naujua, na sasa ulikuwa unanipiga mapajani, mtu mwenyewe hayupo. Nililia kwa sauti. Nililia kama sikuwa na mtoto chumbani. Nikausikia wa tatu, kile kishindo kidogo, na nikatamani kuingiza mkono nikishike.

Goodness alinivua boksi akidhani ameniumiza. Nikamshika mikono yote miwili.

"Usifute," nikamwambia. "Picha za mama yako ninazo, zote ametazama kamera amenuna. Humu yumo. Usinifutie mke wangu."

"Baba, humu ndimo alimofia."

"Najua. Nilikuwepo."

Tukakaa pale gizani wawili. Hakufuta.

Jumatano, 2 Septemba

Magari ya kampeni yanapita na spika zao. Nimeuza kahawa, mbovu na nzima.

Jumamosi, 19 Septemba

Tunduma. Boazi ametoa magunia yote kwenye ghala lake, akafagia mwenyewe, akapachika vitambaa vyeusi kwenye madirisha. Nje malori yamepanga foleni hadi sijui wapi yakisubiri kuvuka, na wenye fedha za kubadilisha wanaita watu kwa Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba. Ndani unasikia moyo wa Leah tu.

Goodness hakutaka kuja, kisha akaja. Amebandika karatasi mlangoni yenye jina la mama yake na mwaka aliofariki, lakini watu wa mpakani hawasomi karatasi. Kwa hiyo nimechukua kiti nikakaa mlangoni. Kila anayeingia namwambia, "Humu hapimwi mtu. Ukitaka kupimwa nenda hospitali." Baadhi wanacheka wananiona mzee wa ajabu. Nimesema hivyo leo mpaka sauti imekauka, na nitasema kesho. Boazi ananiletea chai, anaiweka miguuni pangu.

Alasiri ameingia dada mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, amevuka kununua vitenge, mfuko kwapani. Karatasi hakuitazama. Alikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko wengine. Wenzake walimwita akakataa kwa mkono. Alipotoka hakuwafuata. Alikuja moja kwa moja kwangu, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wao, akaniita baba kwa Kibemba.

"Batata, huyu mama wa humu ndani ni nani wenu?"

"Mke wangu," nikasema.

"Mimi ni nesi kule kwetu." Alikuwa anaongea haraka na kwa adabu, ameniwekea mkono begani. "Nisikilizeni, mukwai, tafadhali. Moyo wake umelemewa, nimeusikia vizuri kabisa. Msikae nyumbani. Mpelekeni hospitali kubwa wamwanzishie dawa. Bado hamjachelewa."

Goodness alikuwa amesimama nyuma yangu. Yule dada alikuwa ananitazama usoni, anasubiri. Alikuwa na macho mazuri, ya mtu ambaye angetufaa sana mwezi wa sita.

"Asante, binti yangu," nikamwambia. "Tutampeleka."